Manjano na shida ya kupumua kwa mtoto mchanga: kwanza uliza ilianza saa ngapi

"Mtoto wa jirani naye alitoka manjano. Wakamwotesha jua la asubuhi, baada ya wiki akawa safi. Huyu wetu kwa nini mnataka alazwe?" Swali hili huulizwa sana na bibi, mjukuu akiwa mikononi mwake, na ni swali la haki kabisa. Bibi ameona watoto wengi wakipona. Lakini watoto wawili wanaweza kuwa na rangi ileile, mmoja akawa hana tatizo na mwenzake akawa hatarini. Kinachowatofautisha ni saa: manjano yalianza lini, na mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi.

Swali hilohilo la saa ndilo linalofungua ugonjwa mwingine unaowatia hofu wazazi wa watoto njiti (waliozaliwa kabla ya wakati), yaani shida ya kupumua inayoletwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Nayaeleza yote mawili pamoja kwa sababu hukutana mara nyingi kwa mtoto mmoja. Tena wazazi wengi hutoka hospitali wamesaini karatasi, wamelipa na wameshukuru, bila kuelezwa mtoto wao alikuwa na nini. Wana haki ya kujua.

Rangi hiyo inatoka wapi?

Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma, na ili imtoshe huhitaji chembe nyekundu za damu nyingi kuliko mtu mzima. Akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa mwenyewe, chembe hizo zinakuwa zimezidi. Tena hazidumu: za mtu mzima huishi siku 120 hivi, za mchanga huishi siku 70 hadi 90. Zikivunjika hutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Wakati wa ujauzito bilirubini hiyo ilivuka kondo ikaenda kushughulikiwa na ini la mama. Sasa ini la mtoto lazima lifanye kazi hiyo lenyewe, liibadilishe ili iweze kutoka na choo, na kimeng'enya kinachohitajika bado ni kichache mno siku za mwanzo. Bilirubini hurundikana kwenye damu, kisha huonekana kwenye ngozi na kwenye weupe wa macho.

Ndiyo maana kati ya watoto kumi waliotimiza miezi yao, karibu sita huonekana na manjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti ni karibu wanane kati ya kumi. Hayaambukizi. Hayahusiani na homa ya manjano ienezwayo na mbu, wala hayatokani na mama kula mayai, maembe au maboga akiwa mjamzito. Nalisisitiza hili kwa sababu lawama za aina hiyo humfanya mama afiche mtoto badala ya kumpeleka kituoni.

Manjano ya kawaida yana ratiba yake. Huanza siku ya pili au ya tatu, hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hufifia na kuisha ndani ya wiki mbili. Kwa njiti kilele huchelewa hadi siku ya tano au ya saba. Hapo ndipo penye mtego. Mama aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa siku ileile au kesho yake. Aliyemkagua mtoto wakati wa kuruhusiwa alimwona kabla manjano hayajapanda, kwa hiyo siku ambayo bilirubini iko juu kuliko siku zote, mtoto yuko nyumbani, chumba kina mwanga hafifu, ndugu wanakuja kumwona, na hakuna anayemtazama macho. Kumrudisha mtoto kliniki siku ya tatu ni jambo la lazima hata akionekana mzima, na ingefaa kila wodi ya wazazi iiandike tarehe hiyo kwenye kadi kabla mama hajatoka.

Manjano ya siku ya kwanza

Manjano yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24, hayo si ya kawaida hata yakiwa mepesi. Bilirubini inayopanda kwa kasi hivyo maana yake kuna kitu kinachovunja damu, au kuna maambukizi. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo, asisubiriwe apambazukiwe.

Sababu moja ni tofauti ya makundi ya damu. Mama wa kundi O akizaa mtoto wa kundi A au B, kinga zilizomo katika damu ya mama zinaweza kuvuka na kushambulia chembe za mtoto. Tofauti ya Rh, ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa baada ya kundi la damu, ni kali zaidi: mama aliye Rh hasi akibeba mtoto wa Rh chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuishambulia damu ya aina hiyo, na mara nyingi anayeumia ni mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya anti-D, ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, huzuia hali hiyo. Mama Rh hasi anayeambiwa kuwa sindano imeisha stoo aulize papo hapo itapatikana wapi, maana dirisha la siku tatu hufungwa haraka.

Sababu nyingine tunaishi nayo bila kuijua. Katika maeneo yenye malaria nyingi, pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwamo, watu wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu, na wavulana huathirika zaidi. Mtoto mwenye upungufu huu anaweza kukaa vizuri kabisa hadi akutane na kitu kinachozichokoza chembe zake. Mfano wa nyumbani ni naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo. Nguo na blanketi zilizohifadhiwa navyo tangu mtoto wa kwanza, zikitolewa na kuvalishwa mdogo wake, zinaweza kumvunjia damu kwa mvuke tu. Hina nayo, ambayo hupakwa wachanga katika baadhi ya jamii, zikiwamo za nchi za Ghuba, imeshasababisha madhara hayohayo. Naftalini isikae nyumba yenye mchanga, na kufua nguo hizo mara moja hakutoshi kuiondoa yote.

Upande wa pili wa kalenda kuna manjano yasiyoisha. Yakipita siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au siku 21 kwa njiti, angalia kinyesi na mkojo. Mtoto anayenyonya vizuri, anaongezeka uzito na choo chake ni cha njano au kijani, mara nyingi ana manjano yanayohusiana na maziwa ya mama. Haya huweza kudumu hadi wiki ya 12, hayana madhara, na mama aendelee kunyonyesha. Hata hivyo apimwe, kwa sababu mwenye kinyesi cheupe au cha rangi ya majivu na mkojo unaotia nepi doa jeusi huenda mirija yake ya nyongo imeziba. Upasuaji wa tatizo hilo hubeba jina la daktari Morio Kasai wa Japani, na hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Mwezi wa kwanza ukipotea kwa kuambiwa "yataisha tu", nusu ya nafasi imekwenda.

Kwenye ngozi nyeusi utayaonaje?

Vitabu vingi viliandikwa kwa kuangalia watoto weupe. Kwa watoto wetu, mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha au mlango, taa ya umeme hudanganya. Bonyeza kidogo ncha ya pua au paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi iliyo chini kabla damu haijarudi. Angalia weupe wa macho, ufizi, kisha viganja na nyayo. Manjano huanza usoni na kushuka. Yakifika viganjani na kwenye nyayo hiyo ni dalili ya hatari, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto huyo apelekwe hospitali haraka.

Macho ya mtu hayawezi kukadiria kiwango, hata yakiwa ya daktari mzoefu. Kipimo ni cha damu, au cha kifaa kinachowekwa juu ya ngozi. Majibu huandikwa kwa vipimo viwili tofauti na hapa wazazi huchanganyikiwa sana, hasa mtoto akihamishwa hospitali: mmoja anasema 12, mwingine anasema 205, familia inadhani mtoto amezidiwa mara kumi na saba. Ni kiwango kilekile. Namba ndogo ni miligramu kwa desilita, kubwa ni mikromoli kwa lita, na ukizidisha ya kwanza kwa 17.1 unapata ya pili.

Namba hiyo peke yake haisemi kitu bila saa. Katika mwongozo unaotumika Uingereza, mtoto wa wiki 38 au zaidi aliyefikisha siku nne huwekwa chini ya taa ya bluu ya kutibu manjano bilirubini ikifika mikromoli 350. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 na kufikisha siku tatu huwekwa ikifika 200. Na yeyote kati yao akiwa na umri wa saa chache, kiwango kinachomtia daktari wasiwasi huwa chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo mama mwenzako wodini akikuambia wake alikuwa na 250 na hakuwekewa taa, usihitimishe kwamba wako ameonewa au wake amesahauliwa.

Kwa nini jua halitoshi?

Wanaoamini jua hawakosei kuwa mwanga huvunja manjano. Sayansi yenyewe ilianzia hapo. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyesimamia wodi ya njiti alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani hali ya hewa ikiwa nzuri. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa sehemu moja iliyobaki na manjano kwa sababu ilikuwa imefunikwa na shuka. Baadaye kichupa cha damu kilichosahauliwa dirishani juani kilipopimwa kikakutwa na bilirubini ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo. Muuguzi aliyetazama kwa makini ndiye aliyelianzisha jambo hili, na kwa maoni yangu jina lake lingestahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi.

Mwanga wa bluu, wa mawimbi ya nanomita 460 hadi 490, huigeuza umbo bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini. Jua lina mwanga huo, lakini lina pia mionzi inayounguza na joto linalokausha maji mwilini. Jua la saa moja asubuhi, ambalo ndilo laini, mwanga wake ni mdogo na mtoto huwa amefunikwa nguo. Jua la mchana lenye mwanga wa kutosha litamchoma. Na taa za hospitali hufanya kazi saa nyingi mfululizo, usiku na mchana, kipimo kikirudiwa. Huko Lagos, Nigeria, watafiti walionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kwamba jua linaweza kutumika mahali ambapo umeme ni wa shida, ila walitumia vibanda vyenye filamu maalumu ya kuchuja mionzi mibaya, na wahudumu walipima joto la watoto muda wote. Kibaraza cha nyumbani hakina filamu hiyo. Madhara makubwa ya jua la asubuhi ni siku mbili au tatu zinazopita familia ikiamini inatibu.

Mtoto akiwekwa chini ya taa avuliwe nguo abaki na nepi, macho yafunikwe, asipakwe mafuta. Taa hizo hazina uhusiano na eksirei na hazitaharibu uzazi wake. Choo chake huwa chepesi cha kijani, wakati mwingine hutoka vipele, vyote hupita. Mama aruhusiwe kumtoa kunyonyesha, kisha amrudishe. Wapo akina mama wanaoogopa kumgusa mtoto kwa sababu ya zile taa, wakamwacha akilia kwa njaa, kumbe maziwa ni nusu ya tiba. Bilirubini iliyofika tumboni hurudi kwenye damu choo kikichelewa, na dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo ambayo baadhi ya familia huyakamua na kuyamwaga, ndiyo yanayosukuma kile kinyesi cheusi cha kwanza. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku. Maji ya glukosi hayasaidii. Humjaza tumbo akaacha ziwa.

Bilirubini ikizidi sana huvuka hadi kwenye ubongo. Mtoto huanza kulala mno na kukataa ziwa, kisha hulia kwa sauti nyembamba, hukaza mwili na kujipinda mgongo kwa nyuma, hatimaye hupata degedege. Hapa ndipo wengine hukimbilia kwa mganga wakisema ni shetani wa watoto, na saa za kumwokoa zinapotea. Katika hatua hiyo hospitali yenye uwezo hubadilisha damu ya mtoto: hutoa yake kidogo kidogo na kuingiza ya kuchangiwa. Anayepona akiwa amechelewa anaweza kubaki na mtindio wa ubongo wa mwili kujinyonganyonga wenyewe, na kiziwi. Akili yake mara nyingi inaelewa kila kitu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa taa na kipimo vingetosha.

Mapafu yaliyoanza kazi kabla ya wakati

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, na kuta zake zina unyevu. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani, ubane, kisha jaribu kuufungua kwa kupuliza: kuta zimegandana. Ili vifuko visigandane hivyo kila mtoto anapotoa pumzi, mapafu hutengeneza majimaji yenye mafuta yanayoitwa safaktanti. Utengenezaji huanza kwenye wiki ya 24 hivi, na kwa watoto wengi huwa wa kutosha ifikapo wiki ya 35. Aliyezaliwa wiki ya 28 lazima afungue vifuko hivyo upya katika kila pumzi, mara sitini na zaidi kwa dakika, kwa misuli ya mwili wa kilo moja. Huchoka.

Sababu hii ilijulikana mwaka 1959, pale daktari Mary Ellen Avery na Jere Mead huko Boston walipoonyesha kuwa mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu hayakuwa na safaktanti ya kutosha. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa miaka mingi, tiba ilikuwa oksijeni na dua. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na kilo 2.1. Alikufa baada ya saa 39. Leo mtoto wa uzito huo na wiki hizo, akizaliwa hospitali ya mkoa yenye wodi nzuri ya wachanga, anatarajiwa kuishi. Mzazi anayeambiwa ugonjwa huu hauna tiba anaambiwa habari za zamani.

Dalili huanza dakika au saa chache baada ya kuzaliwa: pumzi zaidi ya 60 kwa dakika, mbavu kubonyea ndani, pua kutanuka, na kuguna kila anapotoa pumzi. Wazazi hudhani mtoto anaguna kwa maumivu. Anachofanya ni kufunga koo kidogo ili hewa ibaki ndani na vifuko visinywee. Weusi au ubluu wa kukosa oksijeni tafuta kwenye ulimi na ndani ya midomo, mikono na miguu ya mchanga hupotosha.

Saa hapa nazo zina maana. Ugonjwa huu hutarajiwa kuzidi katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha mapafu huanza kutengeneza safaktanti yake, mtoto hukojoa kwa wingi na kupumua kunalainika. Baba anayeona mtoto amezidiwa jioni kuliko asubuhi asidhani hospitali imemharibu. Lakini mtoto aliyekuwa anapumua vizuri kabisa siku ya pili, kisha siku ya nne akaanza kuhema, huyo anatafutiwa sababu nyingine, maambukizi yakiwa ya kwanza. Aliyetimiza miezi na kuzaliwa kwa upasuaji naye huweza kuhema kwa maji yaliyobaki kwenye mapafu, na hupona ndani ya siku mbili tatu. Kwa kuwa nimonia na maambukizi ya damu hufanana na haya yote saa za mwanzo, madaktari huanza antibayotiki kabla majibu hayajatoka. Ni tahadhari, haina maana kwamba hawajui wanachotibu.

Ile chupa inayotoa mapovu

Mashine inayotumika zaidi kwetu ni sipapu. Haimpumulii mtoto; humpulizia hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika ili vifuko visijifunge, yaani inafanya kazi ileile aliyokuwa akiijaribu kwa kuguna. Daktari George Gregory na wenzake huko San Francisco waliieleza mwaka 1971. Ile ya mapovu ni rahisi zaidi: ncha ya mpira huzamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha ncha hiyo, sentimita tano au sita kwa kawaida, ndicho kipimo cha shinikizo. Mapovu yakikoma, mwite nesi. Huenda mpira umetoka puani au kuna mahali panapovuja, na mama aliyekaa pembeni mara nyingi ndiye wa kwanza kuona. Mrija unaopita mdomoni hadi tumboni hupitisha maziwa na pia hutoa hewa inayojaa tumbo.

Oksijeni yenyewe huogopwa. Watu wameiona ikiwekwa kwa wagonjwa waliokaribia kufa, wakaunganisha hayo mawili. Wapo wazazi wanaoomba mtoto atolewe mpira huo. Oksijeni haiui, ila ni dawa na ina kipimo. Kwa njiti anayeongezewa oksijeni, kiwango kwenye damu hulengwa kati ya asilimia 90 na 95, kwa sababu ikizidi kwa muda huharibu mishipa ya macho. Ndiyo maana nesi huipunguza wakati mzazi anaona ingefaa iongezwe. Pia ndiyo maana njiti mdogo lazima apimwe macho wiki kama nne baada ya kuzaliwa, hata akionekana anatazama vizuri.

Safaktanti ya kutengenezwa ipo. Tetsuro Fujiwara wa Japani aliitumia kwa mafanikio mwaka 1980, ikiwa imetolewa kwenye mapafu ya ng'ombe. Huwekwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Bei yake ni kubwa, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina. Watoto wengi hupona kwa sipapu, joto na maziwa bila kuipata, lakini wapo wasiopona, na siwezi kuliandika hili kana kwamba ni jambo la kawaida tu.

Joto lina nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi na mapafu yake huzidi kulemewa. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kulidhaniwa kunafaa tu mtoto akishatulia. Utafiti uliohusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulianza kuwabeba mara tu baada ya kuzaliwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Vifo vilikuwa asilimia 12 badala ya 15.7. Kwa hiyo mama, au baba, au shangazi, anayeambiwa asimguse mtoto kwa kuwa ni njiti, ana sababu ya kuuliza tena kwa heshima.

Magonjwa yote mawili yakikutana

Njiti mwenye shida ya kupumua karibu kila mara hupata na manjano. Ini lake ni changa kama mapafu yake, hajaanza kunyonya, choo kinachelewa. Tena protini ya damu inayoishikilia bilirubini isifike kwenye ubongo, iitwayo albumini, ni chache kwake, na kukosa oksijeni hufanya ubongo upitishe sumu kwa urahisi. Ndiyo maana mtoto wenu anaweza kuwekewa taa kwa kiwango ambacho kwa mtoto wa jirani, yule aliyezaliwa na kilo tatu, asingeguswa. Taa huwekwa sipapu ikiendelea. Na kwa mtoto wa namna hii dalili za hatari za bilirubini hazionekani vizuri, kwa kuwa tayari amelegea na hanyonyi, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Wazazi huhesabu vile vitobo vya kisiginoni kwa uchungu, vina kazi.

Kabla ya kuruhusiwa omba karatasi yenye mambo haya: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, bilirubini ya juu ilikuwa ngapi na saa ngapi, alikaa kwenye oksijeni siku ngapi, tarehe ya kupimwa macho na ya kupimwa masikio. Nyumbani, mtoto aliyefikisha siku ya tano alowanishe nepi kama sita kwa siku. Akikataa ziwa, akihema, akipoa au akizidi manjano, rudi bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Mimba ijayo itakuwaje?

Aliyewahi kujifungua njiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua njiti tena, na mdogo wa mtoto aliyewekewa taa naye huwa katika hatari zaidi ya manjano. Mama aseme hivyo mahudhurio ya kwanza, apimwe kundi la damu, na apate kipimo cha altrasaundi mapema ili wiki zijulikane kwa uhakika.

Wiki hizo zina uzito kwa sababu ya sindano. Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha mwaka 1972 kwamba steroidi akipewa mama hukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015, Kenya na Zambia zikiwamo, ulizisambaza sindano hizo hadi vituo vidogo, ambako wiki za mimba zilikuwa za kukisia na huduma ya wachanga ilikuwa haba, na vifo vya watoto vikaongezeka badala ya kupungua. Mwaka 2020 utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, ulifanywa katika hospitali zenye vifaa na mimba zikiwa zimepimwa kwa altrasaundi: vifo vya wachanga vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ilikuwa ya jamii ileile, na deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, ni ya bei nafuu. Hutolewa kati ya wiki ya 24 na ya 34, kwa kawaida sindano nne zikipishana saa 12, na hufanya kazi vizuri zaidi kuanzia saa 24 baada ya kuanza hadi siku saba.

Kwa hiyo mama mwenye mimba ambayo haijatimia akisikia uchungu, akiona damu au chupa ikipasuka, asubiri nini? Aende usiku huohuo, na kama upo uwezo aende moja kwa moja hospitali yenye wodi ya wachanga, kwa sababu kumsafirisha mtoto akiwa bado tumboni ni salama kuliko kumsafirisha akiwa ameshazaliwa na anahema.